Saratani ikishindikana, mgonjwa abaki wodini au arudi nyumbani?

Na Mwandishi Wetu, Kampala

UKIPANDA kilima cha Mulago asubuhi, kabla jua halijawa kali, utaikuta Taasisi ya Saratani ya Uganda imekwisha kujaa. Watu wamekaa kwenye mabenchi na juu ya mikeka, kila familia na beseni lake, chupa yake ya chai na bahasha kubwa ya picha za eksirei. Wapo wa Kampala humu humu, na wapo waliosafiri usiku kucha kwa basi kutoka Arua, Kabale na Soroti.

Wote wamekuja kutafuta kupona, na baadhi yao watapona. Lakini wapo ambao daktari akishaisoma ile bahasha anajua kwamba dawa aliyonayo haitabadili kitu. Hapo ndipo linapoanza jambo ambalo hatupendi kulizungumza: mgonjwa huyu afanyiwe nini, na asifanyiwe nini?

Nusu ya kwanza ya swali hilo inazungumzwa kila siku, kwenye redio, misikitini, makanisani na katika michango ya harusi na misiba. Makala haya yanahusu nusu ya pili.

Nianze kwa kusema wazi kwamba Mulago si mahali pa kumwambia mtu kuwa saratani haitibiki. Ni kutokana na kazi yake hapa kwamba mwaka 1958 daktari mpasuaji Denis Burkitt aliandika kuhusu uvimbe wa taya uliokuwa ukiwaua watoto, ugonjwa ambao mpaka leo unaitwa kwa jina lake. Mwaka 1967 kikafunguliwa kituo cha kuutibu, kwa ushirikiano wa Chuo Kikuu cha Makerere na Taasisi ya Taifa ya Saratani ya Marekani. Watoto waliokuwa wakifa katika muda mfupi wakaanza kupona kwa dawa. Kituo hicho ndicho kilichokua na kuwa taasisi ya leo.

Kwa hiyo mtu akigundulika mapema, aende hospitali, tena mbio.

Tatizo ni kwamba wengi hawaji mapema. Mama anaanza kutokwa damu, anaona haya kusema. Akisema, anapelekwa kwa mganga wa mitishamba, kisha zahanati inampa dawa za maambukizi, kisha nauli inakosekana. Akifika Mulago, saratani ya shingo ya kizazi, ambayo ndiyo inayoongoza kwa wanawake wa Uganda, imekwisha kusambaa. Mzee aliyekuwa akitibiwa vidonda vya tumbo miezi minane anakuja kuambiwa kwamba ni umio, na chakula kimekwisha kukataa kupita.

Kwa mgonjwa wa namna hiyo, familia nyingi hujua njia moja tu, nayo ni kuongeza. Waongeze dawa, waongeze vipimo, waongeze dripu, wabadilishe hospitali. Na kama hospitali za hapa zimeshindwa, basi India.

Anayeishi Kampala ameona vijana wakiosha magari mwishoni mwa wiki kuchangisha fedha za kumpeleka mgonjwa ng'ambo. Ni moyo mzuri sana, na wapo waliookolewa kwa fedha za namna hiyo. Lakini mara nyingi hakuna anayeuliza mapema: huko anakokwenda anakwenda kufanyiwa nini ambacho kitabadili mambo? Wengine hurudi na karatasi zile zile walizoondoka nazo, na wengine hurudi ndani ya sanduku.

Dawa isiyosaidia haiishii tu kutokusaidia

Kuna dhana kwamba tiba ya saratani, hata isipoponya, haina hasara: ikishindwa, mgonjwa amebaki pale pale alipokuwa. Dhana hiyo si kweli, na wanaoijua vizuri zaidi ni madaktari wenyewe.

Tiba ya kemikali, ile ambayo wengi huiita kemo, hutapisha, huchoma kinywa kwa vidonda, hushusha damu na kuufungulia mwili milango ya maambukizi. Mwenye nguvu huvumilia hayo kwa sababu kuna faida mbele yake. Asiye na nguvu huyapata mateso peke yake.

Mwaka 2012 chama cha madaktari wa saratani wa Marekani kiliwapa wanachama wake ushauri ambao ulipaswa kubandikwa katika kila wodi. Kwa ufupi, kilisema kwamba mgonjwa mwenye saratani ya uvimbe anayeshinda kitandani sehemu kubwa ya siku, ambaye tiba za awali hazikumsaidia na ambaye hakuna ushahidi wa maana kwamba nyingine itamfaa, asiongezewe dawa za kupambana na saratani. Nguvu zote ziende katika kumwondolea mateso.

Miaka mitatu baadaye, utafiti wa Marekani uliohusisha wagonjwa 312 ambao saratani yao ilikuwa imesambaa ulionyesha jambo lililowashtua wengi. Hata wale waliokuwa bado wanatembea na kujifanyia mambo yao, waliopewa kemo katika miezi yao ya mwisho walikuwa na hali mbaya zaidi karibu na kifo kuliko wenzao ambao hawakupewa.

Lakini utafiti ninaoupenda zaidi ni ule wa Boston uliotangazwa mwaka 2010. Wagonjwa 151 wa saratani ya mapafu iliyosambaa waligawanywa makundi mawili. Wote walipata matibabu ya kawaida, ila kundi moja lilipata pia, tangu mwanzo, huduma ya kupunguza mateso: maumivu, kichefuchefu, hofu, na mazungumzo ya kweli kuhusu mambo yanayokuja. Kundi hili lilipata matibabu mazito machache zaidi kuelekea mwisho. Umri wao wa wastani baada ya kuanza utafiti ulikuwa miezi 11.6. Wenzao walipata miezi 8.9.

Msomaji asome tena tarakimu hizo. Waliopunguziwa matibabu mazito hawakufa upesi, bali waliishi zaidi.

Hapa Kampala lawama zote haziwezi kubebeshwa kemo, kwani wengi hata hawaifikii. Kuna dripu. Mgonjwa ameacha kula, ndugu wanalia kwamba ananyimwa chakula, na muuguzi anatundika maji ili nao watulie. Ukweli ni kwamba mwili unaoelekea mwisho unaacha kuhitaji chakula kabla haujaacha kupumua. Maji yakilazimishwa ndani yake hujaa miguuni na mapafuni, na mgonjwa anaanza kukoroma kwa shida usiku kucha. Kulowanisha midomo yake kwa kitambaa safi kungemfaa zaidi.

Kuna mpira wa kulishia unaopitishwa puani. Kuna damu ya kupimwa kila asubuhi kutoka mkono usio na mshipa tena. Na katika hospitali za kulipia kuna chumba cha wagonjwa mahututi, ambako mtu hufa amezungukwa na mashine huku mkewe akiwa amekaa nje koridoni.

Swali la baba mdogo

Mwaka 2019 jambo hili liliingia nyumbani kwetu. Baba yangu mdogo aliendesha malori ya Mombasa kwenda Kampala na Kigali kwa miaka mingi, akaoa Kampala na kuweka makazi Kibuli. Alipata saratani ya umio, na ilipogundulika ilikuwa imeshafika kwenye ini. Alipewa kemo mara mbili katika hospitali moja ya kulipia. Baada ya ile ya pili hakuweza kwenda msalani bila kushikwa.

Hospitali ikaandika ya tatu, pamoja na mpira wa tumboni na kulazwa. Watoto wake walikwisha kupata mnunuzi wa kiwanja chake cha Iganga. Walikuwa wanasubiri sahihi yake tu, na walikuwa wanajua la kumwambia: kwamba ni kwa ajili ya afya yake.

Siku ya kuamua, mzee alimwomba daktari akae. Daktari akakaa kwenye ukingo wa kitanda.

"Dokta," akamwuliza, "dawa hii ya tatu itaniponya, au itanichelewesha tu nisifike kwangu?"

Daktari alikuwa kijana. Alituangalia sisi kwanza, kama anayeomba ruhusa. Kisha akasema, "Mzee, haitakuponya."

"Itanipa nguvu?"

"Nadhani itakupunguzia."

"Basi wewe umenitibu," baba mdogo akamwambia. "Wanangu, nipelekeni nyumbani."

Mtoto wake mkubwa alitoka nje na hakurudi kwa saa nzima. Alihofia maneno ya watu, na sikumlaumu. Kwetu mtoto anayemtoa baba yake hospitalini akiwa hai hupata jina, hata kama baba mwenyewe ndiye aliyetaka. Shangazi mmoja alipiga simu kutoka Mombasa akisema kwamba tumemtupa mzee kwa sababu ya kiwanja.

Aliishi wiki tisa. Katika wiki hizo alikaa barazani asubuhi, akasikiliza redio, akanywa uji kwa vijiko. Aliita watu wawili aliokuwa anawadai na mmoja aliyekuwa anamdai, wakamaliza mbele ya mashahidi. Aliandikisha wosia. Yule shangazi wa Mombasa alikuja, akakaa naye siku kumi na mbili, na hakusema tena habari za kiwanja.

Haya yaliwezekana kwa sababu ya chupa ndogo ya maji ya kijani. Bila chupa ile, wiki tisa za nyumbani zingekuwa wiki tisa za kupiga mayowe, na nisingethubutu kuandika makala ya kumshauri mtu yeyote arudi kwake.

Chupa kutoka Makindye

Asili ya chupa hiyo ni daktari mwanamke mzaliwa wa Liverpool, Anne Merriman. Aliwahi kuwa mtawa mmisionari na kufanya kazi Nigeria. Baadaye, akiwa Singapore, yeye na wafamasia walipata njia rahisi ya kutengeneza mofini ya kunywa kutokana na unga. Mwaka 1990 alifika Nairobi kuwa mganga mkuu wa kwanza wa Nairobi Hospice. Mwaka 1993 akaja Kampala, na katika nyumba ndogo ya kuazima ya Hospitali ya Nsambya akaanzisha Hospice Africa Uganda, ambayo baadaye ilihamia Makindye.

Wakati huo, maumivu makali ya saratani nchini Uganda yalikuwa yakitibiwa kwa vidonge vya kawaida au hayatibiwi kabisa. Isitoshe, ukimwi ulikuwa umeshika kasi na kuleta saratani ya ngozi aina ya Kaposi kwa vijana wengi. Merriman alikubali kuja kwa sharti moja kubwa, kwamba serikali iruhusu unga wa mofini uingie nchini. Iliruhusu.

Dawa yenyewe haina makeke. Ni unga wa mofini, maji, kitu cha kuizuia isiharibike, na rangi: kijani kwa ile nyepesi, rangi nyingine kwa zile kali zaidi, ili hata asiyejua kusoma asikosee. Miaka ya mwanzo ilitiwa katika chupa za maji ya kunywa zilizosafishwa. Mgonjwa hunywa kipimo chake kila baada ya saa nne, na cha usiku huongezwa ili apitishe usingizi. Aliyepungua nguvu za kumeza anaweza kudondoshewa kidogo kidogo ndani ya shavu.

Serikali ya Uganda huitoa bure kwa mgonjwa. Na kwa kuwa madaktari hawatoshi, mwaka 2004 sheria ilirekebishwa, wauguzi na matabibu waliosomea huduma hii wakaruhusiwa kuandika mofini. Uganda ikawa ya kwanza Afrika kufanya hivyo. Muuguzi aliyemaliza kozi ya miezi tisa anaweza leo kufanya katika kijiji jambo ambalo katika nchi tajiri humsubiri daktari bingwa.

Wataalamu wa Tanzania huiita huduma hii tiba shufaa. Msomaji asidhani kwamba ni mofini tu. Ni pia dawa ya kulainisha choo, kwani mofini hufunga tumbo na mgonjwa aliyefungwa tumbo huichukia dawa. Ni kidonge cha metronidazole kilichosagwa na kunyunyiziwa kwenye kidonda cha titi kilichooza, harufu ikaondoka na wajukuu wakarudi kukaa karibu na bibi yao. Ni kutoa maji tumboni au mapafuni kwa sindano. Ni mtu wa kumfundisha binti jinsi ya kumgeuza baba yake kitandani bila kumchubua.

Nyumba ya Makindye haina wodi za kulaza watu. Neno hospisi limewachanganya wengi, wakidhani ni jengo la kwenda kufia. Hapa ni gari linalokwenda kwa mgonjwa, katika vichochoro vya Katwe au Namuwongo, na mengine ya namna hiyo hutoka Mbarara na Hoima. Mwaka 2015, jarida la Economist la Uingereza kupitia kitengo chake cha utafiti lilipopanga nchi 80 kwa ubora wa huduma kwa wanaokaribia kufa, Uganda ilishika nafasi ya 35, mbele ya nchi nyingi zenye fedha kuliko yenyewe. Merriman alifariki dunia Kampala Mei 2025, akiwa na umri wa miaka 90.

Hospitali bado ina kazi

Kuna hatari msomaji akaelewa kwamba kila mwenye saratani iliyosambaa afungashe virago. Siyo. Mionzi, kwa mfano, haiwezi kumponya mgonjwa ambaye saratani imeingia kwenye mifupa, lakini pigo moja tu la mionzi linaweza kuyatuliza maumivu ya mfupa huo kwa miezi. Mama anayevuja damu kutokana na saratani ya shingo ya kizazi anaweza kukaushwa damu kwa njia hiyo hiyo.

Ndiyo maana msiba wa mwaka 2016 ulikuwa mkubwa kuliko wengi walivyouelewa. Mashine pekee ya mionzi nchini Uganda, iliyokuwa imetumika tangu miaka ya 1990, iliharibika moja kwa moja, na mpya haikuanza kazi hadi mwanzoni mwa mwaka 2018. Magazeti yaliandika juu ya waliokosa kuponywa. Hawakuandika sana juu ya waliokosa kupunguziwa maumivu tu, ambao nao walikuwa na haki na mashine ile.

Mashine moja, dawa moja, inaweza kuwa msaada kwa huyu na mateso kwa yule. Kinachoamua ni lengo lake kwa mgonjwa huyu, wiki hii. Kama daktari hawezi kulitaja kwa maneno ya kawaida, yawezekana halipo.

Wengine watasema kwamba kusimamisha tiba ni kumwua mtu. Sheria ya Uganda hairuhusu kumwua mgonjwa hata akiomba, na hakuna anayezungumzia hilo hapa. Katekisimu ya Kanisa Katoliki, namba 2278, inaeleza kwamba kuacha tiba yenye mzigo mzito na isiyolingana na matokeo yanayotarajiwa ni halali. Wanazuoni wengi wa Kiislamu nao hawaihesabu tiba isiyotarajiwa kufaa kuwa wajibu. Shehe aliyekuja kumtazama baba mdogo Kibuli hakuuliza kabisa kwa nini hayuko hospitalini. Aliuliza kama anapata usingizi.

Lipo pia jambo la fedha, ambalo watu hulisema pembeni. Mgonjwa akisafiri kwenda kwao Gulu au Mbale akiwa hai, analipa nauli ya basi, au teksi ya kukodi. Akifia Kampala, familia itatafuta sanduku, gari maalumu na dereva anayekubali kubeba maiti, baada ya kumaliza deni la hospitali. Nimeona watu wakichangishana mara mbili katika wiki moja, kwanza kwa ajili ya kipimo ambacho hakikuhitajika, na pili kwa ajili ya kumrudisha marehemu. Na wote walijua tangu mwanzo kwamba angezikwa kwao.

Huduma ya Makindye na wenzake haijafika kila mahali. Zipo wilaya ambako chupa ya kijani huisha na kuchukua muda kurudi, na wapo waganga wanaoogopa kuiandika kwa kudhani kwamba mofini humzoesha mgonjwa au humwahisha kaburini. Ikitolewa kwa kipimo cha maumivu yake, haifanyi hivyo. Kasoro kubwa zaidi ni kuchelewa: watu wa hospisi huitwa siku nne kabla ya mazishi, wakati wangeweza kuitwa miezi minne kabla.

Anayemwuguza mtu sasa hivi anaweza kuanza kwa kumwuliza mgonjwa mwenyewe, kama bado anasema, ni kitu gani hasa anachokihofia. Mara nyingi si kifo. Kisha amwulize daktari: dawa hii ni ya kuponya au ya kupunguza mateso? Ikifanya kazi vizuri kabisa, itampa nini, na kwa muda gani? Tusipoitumia itakuwaje? Na nani atatupa dawa ya maumivu tukiwa nyumbani?

Kwa Kampala, swali hilo la mwisho hujibiwa Makindye, na katika Mulago yenyewe kipo kitengo cha huduma hiyo. Nairobi Hospice iko ndani ya eneo la Hospitali ya Taifa ya Kenyatta. Kwa walioko Dar es Salaam, Taasisi ya Saratani Ocean Road hutoa mofini ya kunywa, na si lazima mgonjwa awe amelazwa hapo.